Chumvi Katika Tangi la Baba Mdogo

Mbulumbulu, Karatu
21 Novemba 1982

Mdogo wangu Patrisi,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako ukungu wa Ngorongoro umetushukia tangu asubuhi hata zizi silioni. Mimi mzima, kifua tu ndicho kinanisumbua kwa baridi, lakini kukulalamikia wewe habari za baridi ni kujiaibisha. Mahindi tumevuna. Maharage hatukuvuna, tembo walitoka msituni wakavuna wao. Ng'ombe wa mama, yule mwekundu mwenye pembe moja, bado yupo na ana mimba. Mama Mwajabu wa dukani Karatu, ambaye barua zako zinapitia kwake, anakusalimu na anauliza kama huko jua halitoki, nguo mnaanika wapi.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nikwambie lililonikaa kooni.

Baba Mdogo Josephati amejenga tangi kwenye chemchemi ya mama. Tangi la saruji, kwenda chini linazidi kimo cha mtu, ameliezeka bati na kulizungushia miiba. Maji yote yanayotoka msituni yanaingia mle kwanza, na yakizidi yanamwagikia mfereji wake. Chini ya tangi ameweka kitalu cha miche ya kahawa, anajisifu kwamba atakuwa na shamba kama yale ya wazungu wa zamani kule Oldeani. Nilikwenda na ndoo. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwanangu Marsela, haya si maji ya njiani." Nikageuka na ndoo yangu tupu, mke wake akiniangalia.

Wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nakukumbusha usije ukajifanya huelewi. Baba alipofariki, mama alikaa metimani, ametengwa na watu kama ilivyo kwetu: mwaka mzima hakanyagi shamba la mtu, haombi moto, haendi mkutanoni, ng'ombe wake hawachangamani na wa jirani. Mwaka huo huo ndipo watu walipokusanywa vijijini na mashamba yakagawanywa upya. Josephati alikuwa kwenye kamati. Ndiye aliyeharakisha mkutano ufanyike kabla mama hajatoka metimani, na ndiye aliyesimama akasema sehemu ya chemchemi ni yake, aliachiwa na kaka yake. Mama alikuwa hapa hapa, ng'ambo ya ua, anasikia watu wanapiga makofi. Asingeweza kwenda. Angekwenda, wote wangetawanyika kama wameona chui.

Kuanzia siku ile akawa anateka maji korongoni. Hakudumu. Aliteleza akiwa na ndoo kichwani, tukamzika upande wa chini wa nyumba yake, na leo ukisimama kaburini bati la Josephati linakumulika usoni kutoka juu.

Wewe ndiye mwanamume wa tumbo letu na ndiye uliyesoma. Nataka kujua utafanya nini. Usiniandikie nivumilie, hilo Padre ameshaniambia.

Dada yako,
Marsela


Bergen, Norwe
18 Machi 1983

Dada Marsela, shikamoo.

Nisamehe, barua yako ilinisubiri mezani muda mrefu. Nilikuwa kaskazini kabisa, kwenye visiwa vya Svalbard, na profesa wangu na wenzangu watatu. Nimerudi mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viliganda kidogo, sasa vinaendelea vizuri. Msalimie Mama Mwajabu. Mwambie nguo tunaanika ndani juu ya jiko, na zinanuka samaki.

Nataka nikueleze kazi ninayofanya, maana najua watu huko wanakuuliza na wewe hujui uwajibu nini.

Bahari ya huko huganda juu. Unatembea juu yake, unapitisha hata mtambo. Sasa kuna mahali upepo wa nchi kavu unavuma kwa nguvu siku nyingi, unaisukuma ile barafu kwenda mbali, na maji yanabaki wazi, meusi, yanafuka moshi kwa baridi. Mimi nimezoea kupaita dirisha. Dirisha hilo halikai wazi bure. Baridi ni kali mno, maji yanaganda tena papo hapo, upepo unaisukuma barafu mpya, yanaganda mengine. Hivyo hivyo majira yote ya baridi.

Na barafu, Dada, haipendi chumvi. Maji ya bahari yanapoganda, chumvi inatemwa nje. Nimeyeyusha barafu kuukuu ya bahari nikachemshia chai, na chai ilikuwa kama ya nyumbani. Ile chumvi iliyotemwa inabaki kwenye maji yaliyo chini, yanakuwa mazito, yanazama. Hayachanganyiki kwa urahisi na yaliyo juu. Yanajikusanya sakafuni mwa ghuba, kimya, nyuma ya kizingiti cha mwamba. Yakijaa yanavuka kizingiti, na yakishavuka yanatelemka kwa kufuata mteremko mpaka kilindini, mahali ambapo hakuna anayeyaona tena. Wanasema maji ya chini kabisa ya bahari za dunia mengi yalianzia kwenye madirisha kama hayo, huku na kule kusini. Sisi tunateremsha chupa za chuma kwa waya, tunayachota, tunayapima. Mmoja wetu anasimama na bunduki kwa ajili ya dubu weupe, wakubwa kama nyati.

Kuhusu Baba Mdogo, sina neno.

Ninakuombea kifua kipone.

Mdogo wako,
Patrisi


Mbulumbulu, Karatu
10 Mei 1983

Patrisi,

Salamu ni zile zile. Kifua kimepona, moyo ndio haujapona.

Barua yako ilifika Jumatatu, nikaisoma nimesimama pale pale dukani. Nilikuandikia juu ya mama, wewe ukaniandikia juu ya barafu. Kurasa nzima za barafu, na baba yako mdogo amepata mstari mmoja. Mama Mwajabu aliniona ninavyoikunja akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia msiba ni kaka asiye na nyongo.

Ng'ombe mwekundu amekufa. Nilikuwa nampeleka kunywa korongoni kwa njia ile ya mawe, na alikuwa mzito kwa ndama. Alivunjika mguu njiani. Tulimchinja pale pale alipoangukia, na ndama naye hakuwa amekomaa. Josephati alituma mtu kuja kuulizia mguu mmoja wa nyama, kwa kuwa ni ng'ombe wa kaka yake. Nilimpa. Nilimpa ule ule uliovunjika.

Masika imekuwa nzuri. Tangi lake limejaa mpaka juu, linamwagika. Miche yake ni mizuri, siwezi kudanganya, majani yanang'aa. Kila asubuhi anatoka na kiti chake anakaa kati ya miche, anaiangalia kama watoto wa ubatizo. Amewaambia watu kwamba mwakani ndipo atakapoihamishia shambani, na kwamba kahawa ndiyo itakayomzika kwa heshima.

Lakini usiku ule baada ya kukukasirikia nikaisoma barua yako tena. Nina swali. Hayo maji mazito ya chumvi, je, yanafanya hivyo baharini tu? Tuseme kuna maji matamu yaliyotulia mahali pa kina, hayapigwi na upepo, yamefunikwa. Mtu akiyaingiza maji ya chumvi mle, nayo yatalala chini? Na aliyechota juu ataonja nini? Na yatakaa kwa muda gani?

Nauliza tu. Ulisema watu huniuliza juu ya kazi yako.

Marsela


Bergen
2 Julai 1983

Dada Marsela, shikamoo tena, na pole sana kwa ng'ombe. Yule ndiye aliyeninywesha maziwa mimi.

Nimesoma swali lako. Nilitoka nje nikazunguka bandarini, nikarudi, nikalisoma tena. Umeniita kaka asiye na nyongo, kwa hiyo nitajibu yote mawili, la chumvi na la nyongo.

La chumvi ni hili, na nalisema kama elimu. Ndiyo, yatalala chini. Mahali palipofunikwa na kutulia yanaweza kukaa miezi. Anayechota juu ataonja maji matamu, atakunywa na kumshukuru Mungu. Lakini ukiyamwaga kwa ndoo kutoka juu, kwa pupa, yatachanganyika na wote watajua siku hiyo hiyo. Ni lazima yaingie polepole kwa mpira, na ncha ya mpira iwe imegusa sakafu. Na yawe mazito kweli. Ukiweka yai bichi ndani yake, lielee. Wakati mzuri ni baada ya mvua kwisha, pasipo maji mengi mapya yanayoingia kwa fujo.

La nyongo ni hili. Siku niliyofika kutoka shule nikakuta kaburi, mimi sikulia. Watu walinisifu kwamba ni mwanamume. Baba Mdogo alinishika bega akaniambia nisome kwa bidii, yeye atakuwa baba yangu. Nilimwitikia, "Asante, Baba." Nilikula chakula chake jioni ile. Tangu siku hiyo kila nikifaulu mtihani, nafaulu dhidi yake. Watu hapa wananiuliza kijana wa milimani alifuata nini kwenye bahari iliyoganda. Nilifuata mahali pa mbali kiasi kwamba nisingemshika shingo.

Sitaki afe, Dada. Kufa ni rahisi, na Padre atasema maneno mazuri. Nataka naye akae ng'ambo ya ua asikie watu wanapiga makofi, na asiweze kwenda.

Natumaini kifua hakijarudi. Huku ni kiangazi, usiku hauwi giza, silali vizuri.

Patrisi


Mbulumbulu, Karatu
28 Agosti 1983

Mdogo wangu mpendwa,

Furaha niliyokuwa nayo kusoma barua yako sijapata tangu uzaliwe. Nisamehe maneno yangu ya nyongo. Unayo, tena ya kutosha ukoo mzima.

Habari za hapa ni kwamba nimekuwa mfanyabiashara. Nilishuka Mang'ola na punda wawili wa kukodi, nikapeleka mahindi, nikarudi na chumvi ya Ziwa Eyasi. Nikashuka tena. Watu wakauliza, chumvi yote hiyo na ng'ombe huna? Nikajibu nataka kuwauzia wenye ng'ombe. Wengine nimewauzia kweli. Mama Mwajabu alinipatia mpira mrefu wa maji, akadhani nalima bustani.

Habari nyingine ni kwamba Jumapili kadhaa sasa naumwa kichwa. Kinanianza wakati watu wote wako misani, pamoja na Josephati, ambaye siku hizi anakaa benchi la mbele kabisa. Padre ameniulizia. Nimemwambia kichwa kitapona, dawa inakaribia kwisha.

Yai lilielea juu ya maji kama kisigino cha mtoto anayeoga. Nililiangalia mpaka nikacheka peke yangu.

Jana mke wa Josephati alipita hapa na ndoo yake, nikamwomba kikombe cha maji ya kwao, nikasema nina kiu. Alinipa, hawezi kuninyima kikombe mbele ya watu. Yalikuwa matamu kabisa.

Dada yako anayekupenda,
Marsela


Mbulumbulu, Karatu
19 Februari 1984

Patrisi,

Huandiki. Tangu Agosti sijaona karatasi yako, najua uko kwenye madirisha yako. Basi nakuandikia hivyo hivyo, maana nikinyamaza nitapasuka.

Sisi wazima, ila njaa inatazama mlangoni. Vuli haikunyesha. Korongo limekauka, wafugaji wa Olbalbal wamepanda na mifugo yao kutafuta maji hadi ukingoni mwa msitu, na ng'ombe wengine wanafia njiani. Chemchemi yetu yenyewe inadondoka tu, tone baada ya tone. Mwenye maji hapa alibaki mmoja, unamjua.

Alikuwa ananyweshea miche kwa mpira ulioning'inia ndani ya tangi na kutelemka mpaka kitaluni. Maji yalivyozidi kupungua, naye akazidi kuushusha, mpaka siku moja akaushusha hadi sakafuni ili asipoteze hata tone. Mimi nilikuwa nimesimama kwangu namwona. Mkewe aliendelea kuchota ya kunywa kwa ndoo, kwa juu.

Majani yalianza kuungua pembeni. Akaongeza maji. Yakaungua zaidi, naye akaongeza zaidi, Patrisi, aliinywesha asubuhi na jioni kwa mkono wake mwenyewe. Haikupita muda, kitalu chote kikawa rangi ya kahawia. Aliketi kwenye kile kiti chake katikati ya vijiti vikavu na watu wakaja kushangaa. Bwana shamba alikuja akapasua shina, hakuona mdudu wala ukungu. Watu wakasema: maji ni yale yale, wenye nyumba wanayanywa na hawaumwi, lakini miche imekufa. Bibi mmoja akauliza haya maji yalikuwa ya nani hapo zamani. Wote walimjua, wakageuka kuangalia kaburi la mama.

Kuanzia siku ile hakuna aliyeomba moto kwake. Ng'ombe wake wakatengwa malishoni. Wazee wakasema kuna mkono wa marehemu mama, wa Antonia, katika jambo hili, na Josephati akae metimani mpaka itakapojulikana. Padre alipinga akiwa madhabahuni, na aliposhuka, hakuna aliyekaa benchi moja na Josephati.

Kisha kijiji kikaitisha mkutano kwa ajili ya maji, kwa sababu ya ukame, maana watu watakunywa nini. Josephati hangeweza kuja. Nikasimama mimi. Nilianza na mwaka ule aliokufa baba, nikawataja waliokuwepo na waliopiga makofi, na baadhi yao walikuwa wameketi mbele yangu wanaangalia viatu. Walipiga kura. Chemchemi na tangi vimerudi kwenye nyumba ya mama.

Ulitaka awe ng'ambo ya ua, asikie makofi. Alikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu, ameshika nguzo ya ua wake, ameinamisha kichwa. Nililala usingizi ambao sijalala tangu nikiwa msichana.

Nimewaahidi watu kuondoa miiba, kila mmoja achote. Lakini chini bado kuna ile chumvi yetu, na mtu akiizamisha ndoo atajua. Kwa hiyo kesho, kabla sijafungua njia, nitazibua kizibo cha chini ya tangi niyamwage yote kwenye mfereji wa zamani wa baba, nisugue sakafu, tuanze upya.

Natamani ungekuwepo unisaidie kusugua.

Marsela


Kambini, Svalbard
30 Januari 1984

Dada Marsela, shikamoo.

Barua yako ya Agosti imenifikia huku juzi, kwa ndege ndogo iliyoleta mafuta. Mimi mzima. Giza ni la saa zote, tunafanya kazi kwa taa. Dirisha la mwaka huu ni kubwa, upepo haupumziki. Nikiteremsha chupa na kupima maji ya chini nayakuta mazito kuliko ya mwaka jana, nami nakuwaza wewe na mpira wako, nacheka, na wenzangu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sina huruma naye. Nimejitafuta ndani nikaona sina. Lakini kuna jambo nililisahau, nalo linanikosesha raha.

Nilikueleza yatakavyolala chini. Sikukueleza ya kutosha yatakavyoondoka. Profesa wetu ana sanduku la kioo analotumia kuwafundishia wanafunzi. Anaweka maji matamu, anaweka ya chumvi yaliyotiwa rangi, anainua kizingiti kidogo, na yale ya rangi yanatoka yakiwa yamejikusanya kama utepe, yanafuata mteremko mpaka mahali pa chini kabisa, na hapo yanakaa. Ardhini haitakuwa kama baharini, najua, lakini mteremko ni mteremko, na chumvi haipotei. Mahali ilipofika ndipo inapobaki.

Nimejaribu kukumbuka nyumbani palivyo. Juu chemchemi, chini yake kitalu, chini yake mfereji wa zamani aliouchimba baba. Mfereji ule unaishia wapi, Dada? Naona kama unaishia kwa mama.

Ikitokea siku moja ukapata mamlaka juu ya lile tangi, usizibue kizibo. Tafadhali. Chota kwa ndoo kutoka chini, kidogo kidogo, ukamwage mbali, kwenye mawe ya korongoni.

Patrisi

9 Machi. Nimeshuka Bergen leo. Ndege ilikwama kwa dhoruba na barua hii imekaa mfukoni mwangu muda wote. Naitia posta sasa hivi. Sijaona barua yako nyingine, natumaini hakuna kilichotokea.


Mbulumbulu, Karatu
6 Mei 1984

Mdogo wangu Patrisi,

Nakusalimu. Barua yako Mama Mwajabu aliniletea mwenyewe mpaka hapa, kwa kuwa mimi siendi tena Karatu. Alisimama nje ya ua, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo nikaenda kuichukua. Ni Mwislamu, mambo yetu haya hayamhusu, lakini anaishi na watu.

Nilizibua kizibo siku niliyokuambia nitazibua. Maji yalitoka vizuri, nikaimba. Mfereji wa baba ulikuwa umefukiwa na majani, nikautengeneza kwa jembe ili yapite haraka. Nilifanya kwa mikono yangu. Sikufuata kuangalia yalikoishia, nilikuwa ndani ya tangi nasugua.

Masika imenyesha, asante Mungu. Kila mahali pameota majani, hata juu ya mapaa. Kitalu cha Josephati chenyewe kina magugu. Mahali pamoja tu hapakuota: mstari mmoja mweupe, upana wa njia ya mtu mmoja, unatoka tangini, unapita kando ya nyumba, unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la mama. Na kaburi lote ni jeupe. Yale maua niliyopanda kuzunguka msalaba yamekauka mpaka mizizi. Nikilamba kidole baada ya kugusa udongo, ni Eyasi.

Watu waliona kabla yangu. Hawasemi ni maji. Wanasema ni nyayo. Wanasema Antonia ametoka kaburini, amepanda kuyafuata maji aliyonyimwa, amerudi, na popote alipokanyaga hapaoti. Na kama bado anatembea baada ya Josephati kuadhibiwa na chemchemi kurudishwa, basi kuna mwingine anayemtafuta. Nyumba iliyo kwenye mstari ule ni moja, hii yangu. Wazee walikuja mpaka uani, hawakuingia. Nimekaa metimani tangu Jumatano ya Juma Kuu. Moto wangu hauombwi. Maji ya tangi wanayachota kwa zamu niliyoipanga mimi, na ikifika zamu yangu wanaondoka wote kwanza.

Juzi Josephati alikuja. Yeye yuko metimani na mimi niko metimani, kwa hiyo hakuna aliyetukataza kusimama karibu. Amekonda. Alishika nguzo ya ua wangu kama alivyoshika ya kwake siku ile, na alizungumza bila ukali.

"Marsela, mpira ule uliacha kuvuta siku moja, nikaunyonya kwa mdomo kuurudishia maji. Nimechunga ng'ombe tangu utoto, chumvi ya Eyasi naijua. Miche yangu ilikuwa na uhai bado."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ni chumvi, wangeuliza nani ana sababu ya kunitilia. Na hiyo sababu ningeitaja mimi, kwa mdomo wangu. Nikaona afadhali miche ife." Aliangalia ule mstari mweupe mpaka mwisho wake. "Sasa na wewe sema ni chumvi, kama unaweza."

Akaenda zake. Nikisema ni chumvi, kijiji kitajua ni nani aliyeua kitalu, kura ile itafutwa, na chemchemi itarudi kwake. Nikinyamaza, mama anabaki ni mzimu unaounguza majani kwa miguu. Mama, Patrisi, ambaye hakupata kukanyaga hata shamba la mtu.

Usidhani najuta juu ya Josephati. Sijuti hata kidogo. Ningeweza kumrudishia miche yake ningeirudisha, ili niiue mara ya pili nikiwa karibu zaidi. Ninacholilia ni hayo majani ya kaburini tu.

Ulipoondoka uliniambia kwamba mwaka huu unamaliza. Ukija, tumbo letu ni moja, nawe itakubidi ukae humu ndani nami. Hutakwenda kusalimia mtu. Njoo na koti zito, na upitie njia ya juu msituni, usiukanyage ule mstari.

Kila jioni napeleka ndoo ya maji matamu kaburini, namwaga polepole, kesho yake nakuta udongo umekauka una weupe ule ule. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Nieleze inachukua muda gani mpaka majani yaote tena mahali kama hapo. Nijibu hilo tu, na safari hii usichelewe.

Dada yako,
Marsela